Miaka Saba ya Mwalimu Mwanaheri Isiyokuwemo Kwenye Karatasi

Shehe wetu, wazee wetu, kina mama mlioko upande wa jikoni, walimu na wanafunzi wa marehemu, majirani mliotoka Nachingwea, Ruangwa mjini na Nambilanje, Assalaam alaykum. Naitwa Samia, ni mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake wa kwanza, Tunu, nasoma mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya bibi yetu kabla hajaenda kuswaliwa. Shehe ameomba tusichukue muda mrefu, nami nitajitahidi, ingawa bibi mwenyewe hakuwa mtu wa kufupishwa.

Marehemu Mwalimu Mwanaheri Bakary Chinguile alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 hapa hapa Nandagala, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Bakary Chinguile na Bi. Swaumu, wakulima wa korosho na ufuta, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Katika watoto hao wanne, aliyebaki leo ni mdogo wake, Babu Mustafa, mnayemwona amekaa pale mlangoni, ambaye kwa mila zetu ndiye mjomba wa mama yangu, na neno lake katika ukoo huu ndilo la mwisho.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, akiwa msichana pekee wa kijiji hiki aliyechaguliwa mwaka ule kwenda sekondari, akasoma Mtwara kuanzia 1973 hadi 1976, kisha akajiunga na mafunzo ya ualimu Nachingwea, akahitimu Desemba 1978. Aliajiriwa Januari 1979 akapangiwa shule ya msingi Nambilanje, na mwaka 1986 akahamishiwa Nachingwea mjini, ambako alifundisha Jiografia na Sayansi mpaka siku aliyotimiza miaka sitini, tarehe 3 Mei 2018, alipokabidhi chaki, akapewa baiskeli na kanga doti mbili, akapigiwa makofi. Jumla ni miaka thelathini na tisa na miezi, na kwa idadi ya watu waliosimama hapa nje juani sioni haja ya kueleza alikuwa mwalimu wa namna gani.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na marehemu Mzee Amiri Fahadi, dereva wa chama cha ushirika, wakajaaliwa watoto watatu, Tunu, Adinani na Zulfa, ambao wamempa wajukuu saba, na waliishi pamoja mpaka Mzee Amiri alipofariki tarehe 9 Februari 2012, Mungu amrehemu.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi niliyokabidhiwa jana, iliyochapwa Ruangwa mjini na kupitishwa na wakubwa, inasema hivi, nanukuu: "Baada ya kustaafu, marehemu aliendelea na shughuli za kilimo mpaka alipoanza kuugua."

Ndugu waombolezaji, sentensi hiyo si ya kweli. Marehemu hakuendelea na kilimo, maana hakuwahi kukianza, shamba la mikorosho alilirithi na kila msimu aliwaachia wengine waokote, na mtu yeyote wa Nachingwea anayejua mkono wake anajua haukuwa mkono wa jembe. Sentensi hiyo imechukua miaka saba ya mtu mzima, miaka aliyoifurahia kuliko yote, ikaifukia kabla yeye mwenyewe hajafukiwa.

Mtaniuliza, wewe binti umepata wapi ubavu wa kuisahihisha karatasi ya wazee mbele ya maiti? Nimeupata kwenye mila. Mjukuu ni mtani wa bibi yake, na siku ya msiba ana ruhusa ambayo mtoto hana, asubuhi hii mmewaona wadogo zangu wamevaa kofia ya bibi ya porini, wanapita mbele yenu wakinyata na kuchungulia migomba kama wameona simba, mkacheka huku mnalia, na hakuna aliyewakemea. Mimi kunyata sijui. Utani wangu ni kusoma, naomba nao usikemewe.

Marehemu alifundisha wanyama na hifadhi za taifa kwa miaka thelathini na tisa bila kuona hata moja. Tembo alimchora ubaoni kutoka kwenye kitabu, Serengeti aliionyesha kwa rula kwenye ramani iliyochanika, na mwaka 1998 mwanafunzi wa darasa la tano aitwaye Jonasi aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe umeshamwona twiga?" alijibu, "Kaa chini." Alinisimulia mwenyewe kwamba jibu lile lilimkaa kooni miaka ishirini, kwa hiyo alipostaafu, wenzake wakinunua pikipiki za kukodisha na wengine wakiongeza mikorosho, yeye tarehe 14 Septemba 2018 alipanda basi kwenda Mikumi.

Huko aliona twiga kumi na mmoja, na muongoza wageni akamwambia jambo lililomharibia usingizi, kwamba twiga anayo sauti, ya chini sana, anavuma kwa ndani. Marehemu alikuwa amefundisha kwamba twiga ni bubu. Na Jonasi yule yule aliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba twiga analia, akawekewa kosa. Basi aliporudi Nachingwea hakwenda nyumbani kwanza, alishuka stendi na mabegi yake, akamfuata Jonasi, ambaye siku hizi ni dereva wa bodaboda na baba wa watoto wanne, akamwambia mbele ya wenzake, "Jonasi, lile swali la nane ulipata. Kosa lilikuwa langu." Jonasi akasema, "Mwalimu, sasa hiyo alama naiweka wapi?" na stendi nzima ikacheka, lakini Jumatatu yake marehemu alikwenda shuleni, akaomba dakika kumi za darasa la tano, akasahihisha. Alituambia wajukuu, kosa ulilolifundisha hadharani usilisahihishe uvunguni.

Alikwenda Ruaha Agosti 2019, akaenda Serengeti na Ngorongoro Julai 2022, akarudi Mikumi mara mbili, daima na kikundi cha wastaafu wa Nachingwea, akiwa na darubini yake shingoni na daftari la kaunta kubwa kwapani. Wakati hayupo porini alikuwa kwenye filamu, na hapa namwomba Mama Letisia, muuguzi mstaafu na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anivumilie nikimtaja. Kila Jumamosi alasiri sebule ya marehemu ilijaa kina mama wa mtaa, kompyuta ndogo juu ya stuli, filamu mpya zilizoletwa kwa flashi kutoka Dar es Salaam, na marehemu alizisimamisha katikati ili kuuliza maswali, mpaka Mama Letisia akawa anapiga kelele, "Mwanaheri, acha iendelee, hapa hakuna darasa la sita!" Kila filamu ilipewa alama kwa peni nyekundu. Ninayo moja kichwani: "Alama 41. Mwizi amekamatwa bila sababu. Arudie." Mwaka 2019 nilimpeleka jumba la sinema Dar es Salaam, akavaa miwani ile ya kufanya picha zikufuate, na gari la kwenye pazia lilipomjia alimwambia dereva, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Wee! Kuna watoto hapa!"

Najua yaliyosemwa, hayakusemwa kwa siri. Sokoni walisema mjane wa miaka hiyo anafuata nini kwa simba, anatafuta mume wa pili? Marehemu alijibu, "Simba dume analala saa ishirini kwa siku, mume wa hivyo nimeshawahi kuwa naye." Alicheka yeye. Ukoo haukucheka.

Mwezi wa nne 2024 alianza kuumwa kichwa upande wa kushoto, na macho yakawa yanaona ukungu. Alisema anataka kwenda kupimwa. Aliambiwa ni filamu. Aliambiwa ni jua la porini, ni vumbi, ni kukaa mbele ya kioo kama mtoto, na kwamba akiviacha vyote kichwa kitaacha chenyewe, na kwa masikitiko makubwa naeleza kwamba katika familia yetu yenye wasomi sita hakuna aliyeuliza, mmejuaje?

Jumamosi tarehe 6 Julai 2024, asubuhi, kikundi cha wastaafu kilikuwa kinaondoka Nachingwea kwa kosta kupitia Liwale kuingia Hifadhi ya Nyerere, ile iliyo karibu nasi kuliko zote na ambayo alikuwa ameibakiza, kwa sababu alitaka kumwona mbwa mwitu, mnyama pekee kwenye orodha yake asiye na tiki. Alikuwa ameshakaa kiti cha dirishani. Wakaja ndugu kutoka Nandagala, wakamwambia dereva asubiri, wakamshusha. Mwalimu wa miaka thelathini na tisa alishushwa kwenye gari mbele ya watu aliowafundisha kusoma, na Mama Letisia aliponyoosha mkono kumshika aliambiwa, "Hili ni la ukoo." Kesho yake, Sabasaba, kikao cha ukoo kiliamua ahamie hapa Nandagala apumzike, asisafiri, na simu, kompyuta, daftari na darubini vifungiwe kwenye sanduku.

Msidhani nawatupia wengine tu. Uamuzi ule uliandikwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mimi nilikuwa na mitihani ya kumaliza mwaka, nikasoma nusu, nikaweka dole gumba. Mimi, ninayesimama ukumbini chuoni kutetea haki za watu nisiowajua, nilimtetea bibi yangu kwa dole gumba. Nilipokuja likizo alikuwa amekaa kwenye kiti kile pale, akanisalimia, akaniuliza masomo, halafu akasema, "Dole lako niliwahi kuliona, kabla simu haijachukuliwa." Hakulirudia mpaka amekufa.

Alikaa hapa miezi kumi bila filamu, bila jua la porini na bila vumbi, na kichwa hakikuacha. Mei 2025 alianguka akichota maji, akapelekwa hospitali, akapigwa picha ya kichwa, ikaonekana uvimbe uliokuwa umekua kwa muda mrefu. Mama yangu alimuuliza daktari kama ni zile filamu, na daktari akajibu kwa upole kwamba filamu haioti uvimbe, na kwamba angefika mapema zaidi kungekuwa na mengi ya kujaribu. Alitibiwa kadiri ilivyowezekana, akarudishwa nyumbani Septemba akiwa haoni kabisa, na Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, baada ya swala ya alfajiri, akafariki dunia mikononi mwa mama yangu.

Siku moja ya mwisho mwisho aliniambia, "Historia yangu usome wewe Samia, huwa hutafuni maneno." Leo asubuhi nikampelekea Babu Mustafa haya niliyoyaandika, kwa sababu si haki kumshtaki mtu ambaye hajasikia. Nilijiandaa kwa hoja, nilikuwa nazo za kutosha. Aliyasoma yote polepole, akavua miwani, akasema, "Hapa umeandika ndugu walimshusha. Waliomshusha ni kina nani? Ni mimi. Andika jina." Akasema aliogopa watu watasema Mustafa amebakiwa na dada mmoja na ameshindwa kumtunza. Kisha akanipa ufunguo wa sanduku. Kwa hiyo naandika kama alivyoagiza: aliyemshusha ni Mustafa Bakary, na aliyeweka dole gumba ni Samia. Sijui kama hilo linatosha. Nadhani halitoshi, lakini ndilo sahihisho tulilonalo, nalo limefanyika hadharani.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kutuambia ukweli tulipouuliza, nawashukuru majirani wa Nandagala waliochota maji na kukesha nasi, walimu wote, Jonasi aliyebeba wageni tangu jana kutoka Ruangwa mjini na kukataa nauli, kikundi cha wastaafu, na Mama Letisia, ambaye kila Jumamosi kwa miezi hii ya giza alitoka Nachingwea kuja kumsimulia marehemu filamu mpya kwa mdomo, tukio kwa tukio, na ambaye jana ameniambia kwamba mpaka mwisho alikuwa anakatishwa katikati na kuulizwa maswali.

Wastaafu wataingia Nyerere tena Julai mwakani. Darubini itakwenda, daftari litakwenda, nami nitakaa kiti cha dirishani, na mbwa mwitu akionekana atawekewa tiki kwa peni nyekundu.

Mwalimu, miaka yako saba imesomwa. Pumzika kwa amani, Bibi, gari ulilopanda leo hakuna kati yetu mwenye uwezo wa kukushusha.