Msalaba wa Mfukoni

Séphora, weka chakula mezani na usile bado, na wewe Franck, vuta kiti chako karibu na kitanda hiki, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Casimir, rafiki yangu, kaa pale karibu na dirisha ambapo ninakuona. Nimekuita uwe shahidi, kwa sababu umefundisha pamoja nami pale chuoni Kasapa miaka thelathini na unajua nikisema neno nalipima kwanza. Nitasema Kiswahili bora, kile cha misa, ingawa mama yenu angecheka kunisikia. Angesema, "Stani, iko unaongea na sisi ao na askofu?" Acheni niseme hivyo. Haya ni maneno yangu ya mwisho kwenu, nami nataka yakae sawa.

Mambo ya vitu ni mafupi. Nyumba hii ya Kamalondo, aliyoiacha babu yenu, ni yenu wawili, na haitauzwa wakati mmoja wenu anaihitaji. Mawe yangu yote yaliyo kabatini, pamoja na vibandiko vyake, myapeleke chuoni, wanafunzi wayaone. Mkoba wa ukunga wa mama yenu ni wako, Séphora, pamoja na ile pembe ya mbao aliyokuwa akisikilizia moyo wa mtoto tumboni. Na lile jiwe la kijani, la malakiti, ambalo mama yenu alizuilia mlango wa jikoni, ulichukue wewe, Franck. Nilimkataza mara nyingi kulitumia hivyo, nikamweleza ni kielelezo adimu, naye akanijibu kwamba kwake lilikuwa na kazi, na kabatini halikuwa na kazi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sitaki mrithi kwangu, na hicho ndicho kilichonifanya niwaite.

Babu yenu alikuwa mchochea makaa kwenye treni ya Sakania. Nilipokuwa mdogo, mama yangu alinituma kumpelekea chakula kituoni, na kila mara nilimwona akifanya jambo lilelile. Treni ilipokuwa tayari kuondoka, alivua kofia, akasimama pale juu ambapo kituo kizima kilimwona, akafanya ishara ya msalaba. Ilikuwa ishara kubwa, kutoka paji la uso hadi tumboni, kutoka bega hadi bega, kama fundi anayempima mtu koti. Wenzake walimtania, "Muzee Nkandu, iko unafukuza nzi?" Naye akawajibu, mkono ukiwa mweusi kwa makaa, "Hapana. Niko naonyesha Mukubwa yangu ya kwamba nimefika ku kazi." Wakacheka wote, naye akacheka nao, treni ikaondoka. Hadi leo nikisikia harufu ya makaa ya mawe naona mkono ule.

Mimi nilikwenda Ulaya kusoma. Sitasema Ulaya ndiyo iliyonibadilisha, kwa sababu hakuna mtu kule aliyenikataza kusali. Ilikuwa meza ya wanafunzi, siku ya kwanza. Nilipoinua mkono kwenda usoni, mmoja aliniangalia, basi, aliniangalia tu, nami nikakuna paji la uso na kuushusha. Kesho yake niliweka mkono mfukoni na kuuchora msalaba kwa kidole gumba juu ya kitambaa. Nikajiambia kwamba Mungu anaona mifukoni pia. Jambo hilo ni kweli, na kwa sababu ni kweli lilinisaidia kujidanganya miaka arobaini.

Mama yenu aliligundua juma lile tulipooana. Tulikuwa kwenye mkahawa mmoja karibu na posta. Yeye alikuwa amekwisha kusali kwa sauti, mhudumu akasubiri na sahani mikononi. Kisha akaniangalia koti. "Stani, ni nini ile iko inatembea mu mufuko? Kiroboto iko inakuluma?" Nilicheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tulikuwa vijana. Alidhani nitaacha.

Albertine hakuwa mhubiri. Mlimwona wenyewe. Hakushindana na mtu, hakumtishia mtu kwa moto. Aliuliza kwanza habari za watoto, habari za mgongo, habari za mume aliyekwama mpakani Kasumbalesa siku nne na lori lake. Akisikiliza, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema alichokiamini, kwa sauti ileile aliyoulizia habari za watoto. Pale wodini kwake, mtoto akizaliwa, kabla ya kumwambia mama kama ni wa kiume au wa kike, alimwinamia yule mtoto sikioni na kusema, "Yesu alikujua kabla yetu." Nyinyi wawili mliambiwa hivyo. Nimetembea naye sokoni nikaona vijana warefu wenye ndevu wakivuka barabara kumsalimia, mama zao wamewasimulia neno lile. Nilijivuna kwa ajili yake. Nilijivuna kimyakimya, kama nilivyofanya mambo yote.

Sasa nitasema juu ya siku ile, na Casimir atanisahihisha nikikosea.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka nilipopata uprofesa. Tulikaa bado katika nyumba za kampasi. Walikuja wageni wanane. Mama yenu alikuwa amepika tangu asubuhi, bukari ya mahindi, sombe ya majani ya muhogo, samaki, kuku wawili, na alikuwa amevaa kile kitambaa chake cha kijani. Akasimama kwenye kichwa cha meza, akafuta mikono, akasema, "Ba profesa, mbele ya kula tumushukuru Mungu kwa bwana yangu." Nikaona wenzangu wanatazamana. Nikasema kwa Kifaransa, kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma, "Albertine, hapa si kanisani." Wakacheka. Wewe Casimir ulisema, "Mama, Mungu amekwisha kula, na sisi tuko na njaa!" Wakacheka zaidi. Naye akacheka. Akaketi, akampitishia jirani yake maji ya kunawa.

Hakuwahi tena kusali mbele ya wageni wangu. Miaka kumi na tisa. Mimi niliona amani imeingia nyumbani.

Kaka yake Adrien alikuwa pale siku ile. Alinyanyuka bila kula, akarudi Sakania, na tangu hapo tumesalimiana misibani tu. Siku ya kilio cha mama yenu aliniambia mlangoni, "Shemeji, ulimufunga dada yangu kinywa." Nilimkasirikia. Nilisema ni maneno ya msiba. Mpigieni simu Adrien, mwambieni kwamba Stanislas amesema ulisema kweli, na kwamba nimelisema mbele ya watu, si mfukoni.

Séphora, wewe ndiwe uliyenieleza, baada ya maziko, mambo nisiyoyajua. Mama yenu hakuacha sala ya chakula, aliihamishia jikoni. Kabla sufuria hazijatoka, aliziinamia na kuwaombea wageni mmoja mmoja kwa jina, ukimsikia unapoosha sahani. Casimir, nilikuwa sijakuambia hili. Miaka kumi na tisa umeombewa juu ya sombe ya nyumba hii, ukila bila kujua. Usilie, ndugu yangu. Ukilia sitamaliza.

Na habari za hospitali mnazijua nusu. Mnajua kwamba kiharusi kilimchukulia sauti, na kwamba siku tano Séphora alimlisha uji, naye hakufungua kinywa mpaka Séphora asali na kufanya ishara ya msalaba. Siku ya sita Séphora alikuwa kazini. Nilikuwa peke yangu naye, lakini wodi ilikuwa imejaa, vitanda sita na jamaa zao, na Casimir amekuja na wasaidizi wawili wa idara kutusalimia. Niliinua kijiko. Akafunga midomo. Akaangalia mkono wangu wa kuume. Hakuangalia uso wangu, aliangalia mkono.

Nilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Nilikuwa nimestaafu, hakuna mtu aliyeweza kuninyima cheo. Nikaingiza mkono mfukoni.

Aliangalia ule mfuko ukitikisika. Aliuangalia muda mrefu. Kisha akafungua kinywa, akala vijiko vitatu. Nawaambia hakula kwa njaa. Alikula ili nisiaibike. Alfajiri yake akafariki.

Miezi minane sasa nasali kwa sauti katika nyumba hii, naye hayupo. Peke yangu ni rahisi, kuta haziniangalii.

Hiyo ndiyo hasara yangu, lakini si yangu peke yangu. Wiki ya pili ya kilio, Casimir alibaki wengine walipoondoka. Wanangu hamkusikia alichoniambia. Alisema, "Stani, miaka makumi tatu niko najua unaendaka ku misa, sawa vile najua unaendaka kwa kinyozi. Wakati mutoto yangu alikufa nilikuja kwako. Ulinionyesha ratiba ya mitihani. Hata siku moja haukuniambiaka ya kwamba kule kuko kitu ya miye." Nakumbuka siku aliyokuja. Alikaa ofisini kwangu saa nzima, akigeuzageuza jiwe mkononi. Nilikuwa na neno. Nilikuwa nimelipokea kwa babu yenu na kwa mama yenu, nilikuwa nalo kifuani, na yeye alikuwa akifa kwa kulikosa, nami nikaona haya. Niliogopa atasema, hata Stani naye? Nikafungua droo, nikatoa ratiba.

Casimir, neno lenyewe ni hili, nimechelewa kukuambia miaka ishirini na miwili. Yesu Kristo amekufa na amefufuka, na mtoto wako hajapotea mbele yake, na wewe hujapotea. Mimi naliamini hili. Si kwa desturi. Naliamini kama ninavyoamini kwamba wewe umekaa pale dirishani.

Ah... nimelisema. Séphora, nipe maji kidogo. Inatosha.

Franck, mwanangu. Siku ya kumzika mama yako ulisimama upande wa pili wa kaburi pamoja na wahandisi wenzako wa mgodini. Padri aliposema kwa jina la Baba, watu wote waliinua mikono, na wewe ulisimama wima, mtu wa heshima. Lakini mimi niliona mfuko wa koti lako ukitikisika. Sikukufundisha kwa maneno. Ulijifunza kwa kuniangalia mezani tangu utoto wako. Nilipouona mfuko ule nililia, na watu wakadhani namlilia mama yako. Hicho ndicho kitu nisichokuachia. Watoto wako wanakuangalia sasa hivi, kila siku, unapokaa kula.

Kwa hiyo sikieni agizo langu. Siku ya kunizika, chuo kitataka kusoma orodha ya maandiko yangu. Wakataeni kwa adabu. Franck, wewe ndiwe utakayesimama. Hutasema habari za baba yako. Utafanya ishara kubwa, ile ya babu yako, kisha utawaambia wenzako unachokiamini, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kupamba. Kama huamini, usiseme. Afadhali ukae kimya kuliko kuigiza. Lakini kama unaamini, na mimi najua mfuko ule unasema unaamini, basi usiwaache watu wako waje ofisini kwako na kuondoka na ratiba. Uliza kwanza habari za watoto wao. Mama yako alifanya hivyo.

Nachoka. Chakula kinapoa, naona mvuke umekwisha. Kabla hamjala... nitasali mimi. Mbele ya mgeni. Msinisaidie maneno.

Baba, nakushukuru kwa chakula hiki, na kwa Séphora aliyekipika kama mama yake. Nakushukuru kwa Albertine... kwa vijiko vitatu. Nisamehe. Wabariki hawa wawili na watoto wao, uwape midomo iliyo wazi. Mbariki Adrien kule Sakania. Mbariki Casimir. Mpokee mtoto wake... umwambie kwamba baba yake hajasahaulika.

Sasa ishara. Ngojeni. Mkono mzito.

Kwa jina la Baba... paji la uso, haya. Na la Mwana... hapa. Na la Roho... bega la kushoto, nimefika. Upande ule mwingine... hapana. Haufiki. Franck. Franck, toa mkono wako mfukoni, mwanangu. Nauhitaji. Shika wangu, uuvushe... bega la kuume... polepole... hivyo.

Mtakatifu. Amina.

Séphora, mpe Casimir maji ya kunawa. Leo... ameombewa akisikia.