Kompyuta Yenye Fundi Wake

Kila asubuhi kwenye basi hufungua kitabu na kujifanya nasoma, nisije nikasemeshwa. Leo sikukifungua. Mbele yangu aliketi mama mmoja aliyepakata kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia.

Jirani yake, aliyejitambulisha kuwa fundi, alikwisha kuipapasa kabla ya kuomba ruhusa. "Hizi ndizo nilizojifunzia, mama. Unatia diski, inakoroma kama babu, halafu herufi za kijani hizo. Haiwaki?"

"Haiwaki."

"Niachie leo, nitakutengenezea bure."

"Asante, mwanangu. Ina fundi wake."

"Nani bado anazijua hizi?"

"Kaka yangu. Tuliinunua pamoja."

Fundi aliinama, akachungulia kwenye upenyo wa nyuma ya kompyuta, akacheka. "Mbona ni waya tu umechomoka? Nauchomeka sasa hivi."

Mama akauziba upenyo kwa kiganja. "Uache. Niliuchomoa mwenyewe."

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba ninajua. Basi likasimama. Mama akainuka na mzigo wake, akasita mlangoni.

"Miaka sita hatusemezani," akasema. "Nikimbishia hodi nayo ikiwa nzima, nitasema nimefuata nini?"