Afisa Makazi Anastaafu, Yeye Atakaa Wapi?

Baada ya miaka ishirini na sita ya kututafutia pa kulala, Bi Immakulata Leonidasi, ambaye sote tunamwita Mama Aneth, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Alianza kazi katika Shirika la Uzima Vijijini kule Kasulu akiwa karani wa stoo, akapanda hadi kuwa Afisa Makazi, na mwaka 2012 akahamishiwa hapa Kibondo. Tangu siku hiyo hakuna muuguzi wala dereva wa shirika aliyelala nje. Waliosoma wa ofisi hii waliogopa kuandika wasifu huu, kila mmoja akajifanya ana ripoti. Ukaletwa kwangu mimi wa pikipiki. Kazi imeenda kwa mwenyewe.

Kwa wageni waalikwa, naeleza kwanza kazi yake, maana wengi wanadhani Afisa Makazi ni mtu wa kushika funguo. Shirika halina nyumba zake, tunapanga kwa watu. Msaada wa kodi haupiti mkononi mwa mfanyakazi, na wanaotujua wanajua sababu. Mwenye nyumba analipwa na shirika moja kwa moja, nusu mwaka kwa nusu mwaka, kwa kiwango cha cheo chako. Ukiitaka nyumba ya vigae kumzidi bosi, unaongeza mwenyewe. Maji, umeme na ugomvi na jirani ni vyako. Mkataba ni kati ya shirika na mwenye nyumba, wewe unaandikwa kama mkaaji tu. Kwa hiyo ukiacha kazi, ukihamishwa au ukistaafu, msaada na nyumba vinakwisha siku hiyohiyo. Kanuni hiyo aliitunga Mama Aneth mwenyewe, na ilimsaidia kuwatoa watu waliokwishaacha kazi wakawa bado wanafuga kuku kwenye nyumba zinazolipiwa na shirika.

Wenye nyumba wa Kasulu wanamkumbuka vizuri, wengine kwa uchungu. Alikuwa haendi kukagua nyumba siku ya jua. Anasubiri mvua inyeshe kweli, anavaa mabuti, anabisha hodi. Mzee Evaristi alimpokea siku moja sebuleni huku beseni tatu zikiwa zimetegwa chini, naye akamwambia, "Baba, naona paa lako limenisalimia kabla yako." Yupo pia Sylvesta, aliyekuwa anapandisha kodi kila mpangaji akinunua kitu. Daktari alinunua televisheni, kodi ikapanda. Mama Aneth akaenda, akakaa, akanywa chai yote, ndipo akauliza, "Televisheni ni ya daktari, ukuta ni wako. Sasa wewe ukutani umeongeza nini?" Sylvesta akacheka, kodi ikashuka. Hata hivyo kwa miezi kadhaa daktari yule alikuwa akiifunika televisheni kwa khanga kila anaposikia hodi.

Tena ana utaratibu ambao mameneja wote waliuita wa kishamba. Haandiki mkataba mpaka mke wa mwenye nyumba awe ameketi pale. Waume wa huku wanapangisha nyumba dukani, na mke anaijua habari akikutana na mpangaji uani. Mameneja wamekuja na kuondoka, na utaratibu umebaki.

Sasa nafika mahali ambapo waliosoma waliogopa.

Mwezi wa kumi kambi ya Nduta ilifunguliwa tena kwa ajili ya ndugu zetu wa Burundi, na mashirika yakaingia Kibondo na magari meupe. Chumba kilichokuwa kinalala mbuzi kikapigwa rangi. Siku moja ya Novemba nilimpeleka Mama Aneth nyumbani kwake na gunia la mkaa, tukamkuta mlangoni binti wa shirika mojawapo jipya, ameshika futi ya fundi cherehani. Binti akasalimia vizuri, akaomba apime madirisha ya mapazia. Mama Aneth alidhani amepotea nyumba, maana hata vyumba vya jirani vilikuwa vinapangishwa, lakini watu wa kazi yake hawamwachi mtu apime peke yake. Akamshikia ncha ya futi. Dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Akamwelekeza kabisa, "Hili la huku mwanangu usiweke kitambaa kizito, mvua inaingia." Ndipo akauliza wanahamia lini.

"Tarehe moja, mama, Januari. Mzee Salumu kasema wewe unaenda kwenu."

Mama Aneth aliendelea kuishika ile futi mpaka binti alipomaliza kuandika. Akamkaribisha uji. Mimi nilishusha mkaa nikaupeleka jikoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Salumu, mwenye nyumba, alikuja ofisini akauliza nyumba yake inarudi lini, na meneja wetu Bwana Laurent akamjibu kwa mujibu wa mkataba, mwisho wa Desemba. Meneja hajakosea herufi. Ila hakumwambia Mama Aneth, kwa sababu katika ofisi hii anayewaambia watu kuhama ni Mama Aneth. Meneja akadhani anajua, Mama Aneth akadhani ataambiwa. Tumekuwa na mtu wa kuwapa wote taarifa, ila wa kumpa yeye hatukuwahi kumfikiria.

Na kwao si karibu kama mnavyodhani. Ana nyumba yake Munanila, tofali za kuchoma, kuta zimesimama, juu ni mawingu. Paa linasubiri mafao, na mafao, wastaafu mliopo hapa mnajua, yanakuja kwa mwendo wake. Mvua za huku hazikati mpaka mwezi wa tano. Alichotaka ni kukaa palepale mpaka kiangazi, kwa kodi yake mwenyewe. Hakumwomba mtu. Tunamwona kila asubuhi anaingia ofisini, anatuamkia kwa Kiha, "mwakeye", kama kawaida, anahangaikia chumba cha muuguzi mpya wa Kumsenga, halafu anasimama dirishani akitazama mvua. Vyombo vyake kavipanga kwenye maboksi, juzi kavitoa, jana kavirudisha.

Basi tulimfuata mkewe Mzee Salumu, Bi Firdausi, Mama Nasma. Tulimkuta anapepeta mchele. Akasikiliza, akaweka ungo chini.

"Imepangishwa lini hiyo nyumba? Mimi sikukalishwa."

"Mzee ameshapokea kodi, mama."

"Kapokea yeye. Mie sikukalishwa, na yule ni jirani yangu, mwanangu alipougua nani alikesha naye?"

Mzee Salumu naye tusimwonee. Alitwambia kwa upole kuwa kodi ya watu wa Nduta ni ya mwaka mzima na imeshapanda basi kwenda Tanga, ada ya mabinti wawili. "Nikirudisha, narudisha nini, vijana?" Akasema ataongea na wale wageni, kama watakubali vyumba vyake vya dukani mpaka kiangazi, na atatujibu Ijumaa baada ya swala. Sherehe yetu ni Jumamosi. Programu hii inakwenda kuchapwa leo Alhamisi, kwa hiyo wewe unayeisoma umekaa ukumbini unaweza kuwa unajua jibu kuliko mimi niliyeandika. Mzee Salumu na Mama Nasma wamealikwa, viti vyao viko mstari wa pili, na soda zao nimezinunua mimi.

Mama Aneth, asante kwa kila paa lisilovuja tulilolala chini yake, na kwa kila mwenye nyumba uliyemnyamazisha kwa adabu. Umetulea. Tunakuombea afya, mafao ya haraka, na paa la Munanila kabla ya mvua zijazo. Zawadi yako wafanyakazi wameshainunua, ni kabati la mninga la milango mitatu, zito kuliko maneno yangu, na vijana wanne wa kulibeba wapo tayari. Wanangoja tu waambiwe walipeleke mlango gani.

Mudathiri, Kitengo cha Usafiri, Kibondo