Fundi Bartholomayo Filemoni na Lori Lililoitwa Kipara

Wapendwa wa Masasi, na ninyi mlioteremka kutoka Newala, sogeeni kivulini, nafasi ipo. Marehemu hakupenda maneno mengi, lakini maisha yake hayaingii kwenye sentensi mbili, kwa hiyo mtavumilia.

Bartholomayo Filemoni alizaliwa Jumatatu, tarehe 24 Agosti 1964, hapa hapa Lisekese, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mwalimu Filemoni na marehemu Mama Severina. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, na baba, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa dini, hakuhangaika kutafuta jina. Alifungua kalenda ya kanisa akasoma. Mama alilalamika kwamba jina ni refu kuliko mtoto mwenyewe. Lilibaki hivyo hivyo, na mtoto akalifikia.

Alisoma shule ya msingi hapa Lisekese kuanzia mwaka 1973 hadi 1979. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, alikuwa wa dirishani. Lori la ushirika likipita barabarani, yeye kwa kusikia mlio tu aliwaambia wenzake lina ugonjwa gani. Mwalimu wa hesabu alimchapa kwa kosa hilo asubuhi, na jioni akampelekea baiskeli yake aitengeneze. Mwaka 1980 alikwenda Mtwara kujifunza ufundi wa magari. Alirudi mwaka 1982 na cheti, ambacho mama alikitundika ukutani juu ya picha yake ya harusi.

Mwaka 1983 aliajiriwa na ushirika, dereva na fundi kwa pamoja, kwanza Masasi, na kuanzia mwaka 1990 Newala. Huko ndiko alikomkuta Winfrida, kwenye foleni ya maji, maana Newala ukitaka kumpata mtu mtafute kwenye foleni ya maji. Alijaribu kumsemesha. Winfrida akamwambia, “Kaka, kama una maneno shika ndoo kwanza, maneno hayajazi pipa.” Alishika ndoo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1992, katika kanisa la Anglikana Newala, na Mungu akawajalia watoto wawili, Glory na Joel. Mwaka 1995 aliacha kazi ya ushirika akafungua gereji yake jirani na soko la Newala.

Sasa tuje kwenye lori, ambalo wengi mnalijua na baadhi yenu mmelicheka.

Miaka yote aliyoendesha malori ya korosho, marehemu alibeba swali moja. Korosho zinatoka juu, Newala, zinateremka Masasi. Lori limejaa, dereva anakanyaga breki njia nzima mpaka zinatoa moshi. Kisha linapanda tupu. Alikuwa anauliza, “Joto lile lote la breki linakwenda wapi? Nani amelichukua?” Watu walimwona mzee anaanza kuzeeka vibaya. Mwaka 2019 alimpata mtu wa kumjibu: Halfani, kijana wa Newala aliyesomea umeme. Halfani alimwambia, “Baba, ukiweka mota ya umeme, likiteremka na mzigo matairi yanaizungusha mota, na mota inarudisha umeme kwenye betri. Mlima wenyewe unakuchajia.” Marehemu alimaliza chai, akasema, “Basi betri iwe ndogo.”

Hapo ndipo ilipozaliwa kampuni yao changa: watu wawili na gereji moja. Wakubwa wa Dar es Salaam, wenye malori ya umeme, walipiga hesabu zao kwenye barabara ya tambarare, wakaweka betri kubwa, na bei ikawa kubwa. Hawa walipiga hesabu kwenye mlima wetu. Lori la kwanza lilitoka mwaka 2021. Halikuwa na redio, halikuwa na rangi, halikuwa hata na paa la maana, na ndiyo maana sokoni wakaliita Kipara.

“Fundi, redio iko wapi?”

“Dereva ana mdomo. Aimbe.”

“Na vioo vya milango?”

“Kuna turubai. Likichanika, mkeo analishona. Kioo mkeo anashona?”

Mwaka 2023 chama cha msingi cha wakulima kule Mnyambe, huko huko juu Newala, kilitangaza kwamba kinatafuta malori ya kubebea korosho za msimu. Kampuni kubwa ya Dar es Salaam ikaleta lori lake la umeme, jeupe, lina kioo cha kugusa kama simu na kiti kinachopoa. Marehemu alikuwa ameshaacha kutengeneza magari ya watu ili aunde Kipara, na gereji ilikuwa haina kazi nyingine. Alimwambia mkewe, “Mama Glory, Mnyambe wakilikataa nafunga geti. Lori nimeliundia mlima huu. Likikataliwa hapa, halina kwao.”

Mama Glory akamjibu, “Basi wasilikatae. Kula, ugali unapoa.”

Majaribio yalifanyika Jumamosi, tarehe 23 Septemba 2023. Kila lori lilipewa mzigo sawa, kutoka Mnyambe hadi Masasi na kurudi. Lori jeupe lilirudi dakika arobaini kabla ya Kipara. Watu walishangilia, na wengine wenu mliokaa hapo mbele mlikuwa miongoni mwao. Wakala wa kampuni, Bwana Mujibu, alikuwa ameshaanza kugawa kofia.

Bado ilikuwepo safari ya pili. Magari yakiwa yamewashwa yanasubiri, akaja shangazi yetu, Bibi Veridiana, aliyeolewa Mnyambe, na kibakuli cha unga na kata ya maji. Mnajua desturi: ukipokea kitu kikubwa, unawajulisha waliotangulia kwa unga. Unga humwagwa chini. Lakini shangazi alifikiri akaona ardhi haisafiri, kinachosafiri ni gari. Akatafuta mdomo wa gari, akauona pale mbele hewa inapoingia, akamimina unga, akasindikiza na maji. Alianza na Kipara, akaenda na kwa lori jeupe. Alisema mgeni naye ni mtoto wa watu, asibaguliwe.

Feni za kupozea mota zikavuta. Kipara kikanyamaza. Lori jeupe likalia mara tatu, kioo kikawa chekundu, nalo likanyamaza.

Halfani alishika kichwa. “Shangazi, umetumaliza!”

“Shikamoo haipo siku hizi?”

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nimewabariki.”

Marehemu alicheka mpaka akaegemea tairi. Kisha akachomoa betri, akatoa spana moja, namba kumi na saba, akafungua bolti nne na kifuniko. Ndani kulikuwa na ugali mbichi. Aliazima kijiko kwa mama aliyekuwa anauza chai, akakomba, akafuta kwa kanga ya shangazi mwenyewe, akaacha vyuma vipigwe jua. Nusu saa nzima watu walisimama wanamtazama, na mama mwenye chai akawa anamshikia bolti. Kikawaka.

Bwana Mujibu alikuwa bado kwenye simu. “Fundi anatoka Dar. Keshokutwa atakuwa hapa.”

Mwenyekiti wa chama, Mzee Gervas, akauliza, “Na mvua ikija, korosho tuiambie imsubiri fundi?”

Marehemu alijitolea kulifungua na lile jeupe. Mujibu akakataa. “Mzee, ukigusa kifuniko tu dhamana inakufa.”

“Basi tumsaidie kuomboleza,” akasema mama mwenye chai, akamrudishia marehemu bolti yake ya mwisho.

Msimu ule Mnyambe walichukua Kipara. Mpaka mwaka jana gereji ilikuwa imeunda malori kumi na moja.

Lakini marehemu hakupenda kusifiwa kwa uongo, hata leo asingependa. Kipara hakikuweza kila kitu. Mwaka jana walijaribu kukitumia kupandisha maji kutoka bondeni kuyaleta Newala. Kupanda na mzigo ni shughuli nyingine. Betri ile ndogo iliisha katikati ya mlima, na mapipa ya watu yakasubiri mpaka lori la dizeli likaja kukivuta. Watu walisema sana. Yeye alisema, “Hili ni la korosho. La maji bado sijaliunda.” Kwa tabia yake, kauli ile haikuwa majivuno, ilikuwa orodha ya kazi.

Mwezi Machi mwaka 2024 miguu ilianza kuvimba. Hospitalini waligundua figo zimechoka. Tangu hapo alikuwa akipelekwa Mtwara mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Hakulalamika, ila aliwasumbua wauguzi kuhusu mashine, inavuta kwa nguvu kiasi gani, na kwa nini inapiga kelele upande mmoja.

Mwezi Juni mwaka huu kampuni kubwa ilileta lori jipya Newala. Kioo cha kugusa hakipo. Betri ndogo. Kifuniko mbele, bolti nne. Na bei imeshuka ikasimama bega kwa bega na ya Kipara. Halfani alikuja nyumbani mbio. “Baba, wametuibia mchana kweupe!”

Marehemu aliomba apelekwe akalione. Akaingia uvunguni, mgonjwa vile, akalala huko karibu saa nzima, huku Bwana Mujibu amemshikia fimbo yake ya kutembelea. Alipotoka alisema, “Breki zao nzuri kuliko zetu. Halfani, toa karatasi uchore.”

Mujibu akamuuliza, “Mzee, huna hasira?”

“Mwaka juzi mlikuwa mnauza runinga yenye matairi. Sasa mmeunda lori. Nikasirike nini?”

Hasira hakuwa nayo, lakini wasiwasi alikuwa nao, na mkewe anaujua. Kumpiku mkubwa anapokosea si kazi. Je, mkubwa akijifunza? Wanachama wa Mnyambe walipangiwa kupiga kura upya tarehe 17 Oktoba, lori gani libebe korosho za msimu huu. Kila siku aliuliza kama tarehe haijasogezwa.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa kitandani Mtwara, alimuuliza Mama Glory, “Kura ni kesho?”

“Kesho, Baba Glory.”

“Nani ataniambia?”

“Nitakwambia mwenyewe.”

Alifumba macho. Kabla ya saa sita alikuwa ametutoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mjane, Winfrida, watoto wawili, Glory na Joel, wajukuu watatu, ndugu wanne, shangazi, Bibi Veridiana, ambaye leo ameombwa unga aumwage chini tu, na Halfani, aliyemwita mwanangu mbele ya watu na bila watu. Familia inawashukuru wauguzi, Wakristo na Waislamu wa Newala, wana Mnyambe, na Bwana Mujibu aliyefika jana na kulala matangani kama wengine.

Jambo la mwisho. Jana Ijumaa wanachama wa Mnyambe walikutana. Walisimama dakika moja kwa heshima ya marehemu, kisha wakapiga kura, maana korosho haina msiba. Mama Glory aliahidi kumwambia, ila sauti yake leo haitoshi, kaomba matokeo yasomwe hapa, kwa nguvu, kabla udongo haujarudishwa. Wapiga kura ni mia mbili sabini na wanne. Lori la kampuni, mia moja thelathini na moja. Kipara, mia moja arobaini na tatu.

Umesikia, Baba Glory. Ni kura kumi na mbili tu, na mwakani watakuja tena. Halfani anaanza kupakia Jumatatu. Wewe umepumzishwa, Bwana akupe amani katika pumziko hilo.