Mkono Mmoja wa Abiti Mkwanda

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kumuuliza mtu "umeumia?" huku mguu wako mmoja ungali ndani ya gari?

Usinijibu haraka. Vuta kigoda kwanza, nikusimulie habari za Bambo Grevazio Likaku.

Wasikilizaji wapendwa, Bambo Grevazio Likaku ametutoka. Alifariki Alhamisi nyumbani kwake Domasi, akazikwa Jumamosi. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Hapa Zomba wengi tulimjua kwa jina moja tu: Bambo wa Mkate. Ndiye aliyeendesha lile gari jeupe la mkate, lenye mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi alipiga honi mara mbili kila kituo. Mara mbili, wala si tatu. Mara tatu, alisema, ni kuwagombeza wateja.

Alizaliwa Domasi, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Udereva alijifunzia kwenye trekta la shamba la tumbaku. Mkewe, Mayi Enelesi, ameniambia kwamba siku ya posa Bambo alikuja kwao na viatu vya kuazima vilivyombana, akaketi uani muda wote ameinua vidole. "Nikasema huyu anavumilia," anasema Mayi Enelesi, na hata kwenye msiba akacheka kidogo. Wakajaliwa binti mmoja, Rozi.

Bambo Likaku aliendesha gari la mkate miaka kumi na tisa bila kumgusa hata kuku. Tajiri wake alimpa cheti, kikatundikwa sebuleni. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya tajiri pia, vyumba vitatu na bomba uani. Na tajiri alikuwa na sharti moja, kila dereva alilijua: jina lako likiandikwa kwenye kitabu cha polisi kwa ajali yoyote, hata ya mbuzi, unarudisha ufunguo wa gari siku hiyo hiyo. Na ukirudisha ufunguo wa gari, unarudisha na wa nyumba. Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Ufunguo wa gari na ufunguo wa nyumba zilikwenda pamoja.

Sasa nawapeleka miaka ishirini na minne nyuma. Ni mwezi wa sita, siku ya Jumanne. Chiperoni ilikuwa imetukalia wiki nzima, yale manyunyu ya baridi yasiyonyesha kweli wala kukoma. Barabara ya Jali ilikuwa tope la kuteleza. Saa nne asubuhi Bambo Likaku akipeleka mkate, mwanamke akatokea upande wa kushoto, na kioo cha pembeni cha gari kikampiga begani. Mwanamke akaanguka mtaroni. Ungo wake wa mbaazi ukamwagika wote.

Gari lilisimama hatua chache mbele. Bambo Likaku akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini. Mmoja tu.

"Mayi! Umeumia?"

Yule mwanamke alishasimama. Akajipangusa tope, akavuta kitenge chake vizuri, akajibu kwa salamu yetu ya kila siku. "Hapana baba. Nimeamka salama. Sijui wewe?"

"Nimeamka. Kweli huna kitu?"

"Nenda tu, baba. Watu wanangoja mkate."

Bambo Likaku akachomoa mikate miwili, akamnyooshea. Mwanamke akaja, akaipokea, akashukuru. Gari likaondoka. Lilikuwa jambo la dakika mbili, labda tatu.

Mchana akala nyumbani, nsima na majani ya maboga, akamsimulia mkewe kama mtu anayesimulia habari ya jirani. Akamaliza hivi: "Wala hakuwa na adabu sana. Nampa mkate, anapokea kwa mkono mmoja."

Mayi Enelesi akaacha kula.

"Mkono mmoja?"

"Mmoja."

"Mwanamke mzima? Wa hapa?"

"Mwenye umri kama wako."

"Baba Rozi," akasema Mayi Enelesi, "mwanamke wa hapa apokee kitu kwa mwanamume asiyemjua, tena kwa mkono mmoja, tena asipige goti? Ule mwingine ulikuwa wapi?"

Bambo Likaku alitazama tonge lake. Hakulimaliza. Mayi Enelesi anasema rangi ya uso ilimbadilika kama chai iliyotiwa maziwa.

"Lakini alisema ameamka salama," akasema.

"Na wewe ulikuwa umesimama! Nani anamwambia mtu aliyesimama shida yake? Ulikaa? Mlisalimiana mkafika kwenye malonje?"

"Hatukufika kwenye malonje." Ndivyo alivyojibu. Nanyi mnajua, wasikilizaji wapendwa, sisi tulivyo. Mgonjwa wa kufa ukimsalimu mlangoni atakujibu ameamka salama. Ukishakaa, mkashikana mkono, zamu ya malonje, ya kuelezana habari zenyewe, ikafika, hapo ndipo anakuambia hajala siku tatu. Bambo Likaku alichukua salamu akaiita jibu.

Jioni akamfuata dereva mwenzake, Stenala, aliyekuwa akipaka grisi gari la unga.

"Wewe mjinga?" Stenala akamwambia. "Mtu kasimama, kaongea, kala na mkate wako juu. Unataka kwenda polisi kusema nini? Kwamba umegonga mtu mzima?"

"Na kama mkono umevunjika?"

"Kama umevunjika atasema mwenyewe. Ana mdomo. Wewe una nyumba ya tajiri, una mke, una binti anayeanza mafunzo ya uuguzi. Funga bakuli lako, kaka."

Jumatano alipita barabara ya Jali polepole, hadi watu wakampigia kelele kwamba mkate utaota ukungu. Alimtafuta yule mwanamke kila kituo. Hakumwona. Kumuulizia hakuthubutu, maana atauliza vipi? "Mmemwona mwanamke niliyemgonga?"

Na Jumatano ilikuwa siku ya kupeleka mkate kituo cha polisi. Mikate kumi na minane, kila Jumatano. Akaingia amekumbatia kreti. Kitabu kikubwa cha ripoti kilikuwa wazi mezani, kalamu imelala katikati. Sajini wa zamu alimjua siku nyingi.

"Bambo wa Mkate! Huu ni wa leo, au ni wa jana umepakwa mafuta?"

"Wa leo, sajini."

"Mbona hutui kreti? Unaogopa nini, umeiba hamira?"

Bambo Likaku akacheka. Kinywa kilifunguka, alikuja kumwambia mkewe, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akahesabu mikate badala yake. Akaihesabu mara mbili. Akatoka, akakaa ndani ya gari, na honi ya kituo kilichofuata akapiga mara tatu bila kujijua.

Alhamisi asubuhi chiperoni ilizidi. Alipokaribia pale pale alipomgonga yule mwanamke, aliona matawi barabarani.

Matawi mabichi, wasikilizaji wapendwa. Yametandazwa pande zote mbili. Sina haja ya kuwaeleza maana yake. Maana yake kuna msiba, dereva punguza mwendo.

Bambo Likaku hakupunguza mwendo, alisimama kabisa. Alikuja kusema kwamba mikono yake ilikataa kuachia usukani, ikabidi aibandue kidole kimoja kimoja. Mbele yake njia ilikuwa wazi. Angeweza kuvua kofia, akapita taratibu kama dereva yeyote mwenye heshima, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Akashuka. Safari hii akashuka na miguu yote miwili. Akafuata kijia cha tope hadi kwenye nyumba ya msiba. Wanaume walikuwa wameketi kwenye magogo. Akakaa mwishoni, akamwinamia jirani yake.

"Pole, kaka. Nani ametuacha?"

"Wewe ni wa upande gani?"

"Nimepita tu. Nani ametuacha?"

"Mzee Chipojola. Kifua. Toka mwezi wa pili kinamsumbua."

Bambo Likaku akashukuru Mungu, kisha akaona aibu, maana amemshukuru Mungu kwa kifo cha mtu kwenye msiba wake. Akainua macho. Upande wa wanawake, kando ya masufuria, kulikuwa na mmoja anachambua mchele kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulifungwa kifuani kwa kitenge.

Alikuwa ni yeye. Jina lake, kama alivyokuja kulijua, ni Abiti Mkwanda.

Akamwendea mbele ya watu wote. Akakaa chini, kwenye tope, na suruali yake ya kazi.

"Mayi, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, baba. Sijui wewe?"

"Nimeamka. Leo nimekaa, Mayi. Nieleze."

Abiti Mkwanda akasogeza mchele kando. Kisha akasema, "Mkono haupandi, baba. Tangu Jumanne haupandi. Usiku unawaka moto."

Walikwenda wote wawili ndani ya gari la mkate. Kwanza hospitali: mfupa wa bega ulikuwa umepasuka. Kisha kituoni. Sajini alikuwa yule yule.

"Jumanne?" akasema sajini. "Leo Alhamisi! Jana ulikuwa hapa, Bambo Likaku, nakutania!"

"Nilikuwa hapa. Niliogopa. Andika, sajini. Kosa ni langu lote."

Sajini akaandika. Kosa lake lote. Abiti Mkwanda hakuulizwa kitu, ila jina na kijiji.

Siku hiyo hiyo Bambo Likaku alirudisha funguo mbili. Mwisho wa wiki walihamia Domasi kwenye chumba cha mama yake, na kile cheti kikabaki ukutani kwa tajiri. Miaka minne alitengeneza baiskeli chini ya bati moja. Rozi alichelewa mafunzo miaka miwili. Baadaye misheni ikampa gari la wagonjwa, akaliendesha hadi alipozeeka. Rozi sasa ni muuguzi. Ameniambia: "Baba hakuwahi kujisifu kwa jambo lile. Ukimkumbusha, alisema tu, nilichelewa siku mbili."

Siku mbili. Alizihesabu hadi mwisho.

Tunampa pole Mayi Enelesi. Tunampa pole Rozi na watoto wake, na ukoo wote wa Likaku pale Domasi. Mungu awafute machozi. Nanyi wenye magari, wenye pikipiki, wenye baiskeli za kubeba watu, nawaomba kama bibi yenu: ukimgusa mtu, shuka. Kaa chini. Ngoja hadi malonje. Halafu nenda ukaseme panapostahili, siku hiyo hiyo, kabla woga haujakutafutia maneno matamu.

Limebaki moja. Mayi Enelesi ameniomba niliseme hewani, na mwenyewe mhusika ameridhia.

Jumapili, watu walipokwisha kutawanyika, Abiti Mkwanda alibaki kwenye mkeka wa wafiwa. Miaka yote hii amekuwa kama ndugu pale nyumbani, analeta mbaazi kila msimu. Mayi Enelesi akamwambia, "Dada, giza linaingia, utafikaje?" Abiti Mkwanda akasema hatoki mpaka aseme. Akasema hivi:

"Mayi Rozi, mimi siku ile sikutazama barabara. Nilimwona shemeji yangu ng'ambo ya pili, nikakimbia nimuwahi, nikajirusha mbele ya gari. Mume wako hakuwa na mwendo wala kosa. Pale polisi nilingoja niulizwe, sikuulizwa. Yeye alishasema ni lake lote, nami nilidhani nikifungua mdomo watanirudisha kijijini kabla bega langu halijamaliza dawa. Kisha nikasikia mmetolewa kwenye nyumba. Nikaona aibu. Kila mwaka nilikuja hapa niseme, na kila mwaka nikaacha mbaazi nikaondoka. Kosa lilikuwa langu, dada. Lilikuwa langu."