Viti vya Mtaa na Jina la Salvatory

Wewe unayetaka kuguna, subiri kwanza. Inuka, geuka, usome maandishi yaliyo mgongoni mwa kiti ulichokalia, kisha ukae tena na unyamaze, maana historia hii ya marehemu haikutungwa na bibi aliyechanganyikiwa na msiba, kama mnavyonong'onezana huko upande wa masufuria, imeandikwa na dada yake, Brigitha Anselim, kwa mkono wake mwenyewe na kwa elimu yake ya darasa la nne, na kila kilichomo kina mashahidi hapa hapa chini ya turubai, wengine wakiwa bado na tope la shamba miguuni. Evodius, mtoto mkubwa wa marehemu, alileta historia nyingine iliyopigwa chapa kwenye karatasi nyeupe nzuri, ndefu, imejaa neno "mheshimiwa" kama wali uliojaa mawe, Brigitha akaisoma yote, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza yenye picha ya marehemu kwa sababu meza ilikuwa inayumba, na sasa haiyumbi.

Baba Paroko, waheshimiwa madiwani wa sasa na wa zamani, majirani, wafiwa wote, familia inawasalimu, na inawakumbusha jambo ambalo kila mtu wa hapa Ifakara analijua, kwamba anachosoma msemaji wa familia mbele ya jeneza ndilo neno la familia, halinyooshewi mkono, halijibiwi.

Marehemu Salvatory Anselim Marselino alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Idete, mtoto wa mwisho wa Mzee Anselim na wa kiume peke yake, na mama yetu alianza kumwita "bwana mkubwa" kabla hajaota meno, ndiyo maana alipoota aliyatumia kutafuna vya wenzake. Alikulia bondeni kama watoto wote wa huku, familia ikihamia shambani mvua zikianza na kurudi nyumbani mpunga ukishavunwa, na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu kuwinga ndege, kazi ambayo aliifanya kwa kulala, ndege wakala mpaka wakachoka, lakini akisikia tu kikohozi cha baba kwenye njia anaruka, anapiga debe, anapaza sauti kuliko watoto wa mashamba yote ya jirani, na baba anasema, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mwanamume." Dada zake walikuwa wamewinga tangu alfajiri, na Brigitha anasema leo kwamba kumjua Salvatory wa dungu ni kumjua Salvatory wote.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972, hakuchaguliwa kuendelea, akaeleza watu kwamba karatasi zake za mtihani zilipotea njiani, hazikupotea.

Mwaka 1979 alipata kibarua kwenye pantoni ya mto Kilombero, kufunga kamba na kupanga magari, na hapa Brigitha hana budi kusema haki hata kama ulimi wake haujazoea. Katika kazi hiyo Salvatory alikuwa mtu. Maiti ikija inavushwa kwenda kuzikwa kwao, iwe Malinyi, iwe kokote, alikuwa anaitanguliza mbele ya malori, mbele ya mabasi, mbele ya gari la mkubwa yeyote, na siku moja mfanyabiashara mmoja alipofoka kwamba mzigo wake utaoza, Salvatory alimwambia, "Bosi, huyu aliyelala humu ana haraka kuliko wewe, na hana mdomo wa kunigombeza." Akavua shati, akashika upande mmoja wa jeneza pamoja na wafiwa asiowajua kabila wala dini, akalifikisha ng'ambo, akarudi kwenye kamba zake. Wapo watu hapa waliovushiwa wazazi wao na mikono hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuta jina la Salvatory limeandikwa kwenye jeneza la mama yake.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa hapa Ifakara na Kabula, binti wa wafugaji walioshuka kutoka Usukumani na ng'ombe wao hadi Malinyi, mwanamke mkimya, ambaye tangu siku hiyo amekuwa akichota maji, akilima, akinyamaza, na Mungu akawajalia watoto wawili, Evodius aliyezaliwa mwaka 1986, na Careen aliyezaliwa mwaka 1990, na wajukuu.

Mwezi Oktoba 2010 wananchi wa kata yetu walimchagua kuwa diwani, wakimkumbuka yule wa pantoni, lakini yule wa pantoni hakwenda barazani, aliyekwenda ni yule wa dungu. Alishona suti, akaacha kuamkia watu, wazee waliomzidi umri wakingoja shikamoo yao yeye akawa anawanyooshea mkono kwa mbali kama anapungia basi, na kwenye vikao alikaa kiti cha nyuma, akaunga mkono hoja ya aliyetangulia kusema, akapiga miayo. Kwa miaka mitano kazi yake inayoonekana kwa macho ni mtaro wa maji ya mvua, ambao fundi alishauri upite chini kwa kuwa ndiko maji yanakotaka kwenda, marehemu akashikilia upite mbele ya nyumba yake ili wageni wauone, ukapita, na tangu hapo kila masika maji yanafika mlangoni kwake, yanageuka, yanaingia kwa jirani yake Mwanasha.

Sasa tufike kwenye viti, maana ndiko kila mtu anakotaka kufika, na nje ya ua huu lipo Fuso tupu lililoegeshwa tangu asubuhi na dereva wake anatafuna muwa.

Zamani mtaa huu ulikuwa hauna chombo cha msiba. Mtu akifa watu wanakaa kwenye magogo, masufuria yanaazimwa, na siku tulipomzika mama yetu, mwenye masufuria aliyadai na wali ungali ndani, tukaupakulia kwenye majani ya migomba mbele ya wageni. Aibu ile ndiyo iliyowakusanya wanawake, Mwanasha anayeuza vitumbua pale njia panda akiwa kiongozi wao, wakakubaliana kwamba kila mmoja akirudi kutoka bondeni, kabla hajaingiza mpunga ndani kwake, anashusha debe moja kwenye stoo ya Mwanasha, awe Mkristo awe Mwislamu, awe amevuna vizuri awe ameliwa na maji. Mpunga ule ukakobolewa, ukauzwa, yakanunuliwa masufuria, mavuno mengine likanunuliwa turubai hili linalowakinga jua, na mavuno mengine tena vikaja viti, kidogo kidogo, mpaka mtaa ukawa unaweza kuzika mtu wake kwa heshima.

Mwaka 2015 ukawa wa uchaguzi, na marehemu akaona hana cha kuonyesha isipokuwa mtaro. Akachagua siku yake kwa akili ambayo barazani hakuwahi kuitumia, Jumamosi tarehe 25 Aprili, mpunga umetoa masuke, wanawake wote wako bondeni wanawinga ndege na mtaa hauna mtu. Alimwendea Mzee Bwanaheri, mume wa Mwanasha, aliyebaki nyumbani kwa ajili ya mguu wake, akamwambia anaazima viti na vyombo kwa kikao, na Bwanaheri, ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu isipokuwa mke wake nafasi ya kusema, akatoa ufunguo. Vyombo vikapelekwa kwa Twalib, fundi anayeandika maneno kwenye bajaji, akaandika kwa rangi nyekundu kwenye kila kiti na kila sufuria, MSAADA WA MHE. SALVATORY, kisha ukafungwa utepe, zikaja tarumbeta, wakaletwa wanafunzi wa kupiga makofi, na marehemu akahutubia vikongwe, wanafunzi na kuku kwamba umefika wakati wa yeye kurudisha kwa jamii. Picha zikapigwa, vyombo vikarudishwa stoo. Evodius anazo mpaka leo.

Mwezi Julai wanawake wakarudi na madebe yao vichwani, wakafungua stoo, wakakuta jina jekundu kwenye kila chombo. Mwanasha hakupiga kelele, alivuka barabara na kiti kimoja mkononi, akamkuta marehemu kwenye baraza ya nyumba yake anakunywa chai, akamuuliza, "Mheshimiwa, hiki nini?" Akajibiwa, "Jina tu hilo, Mama. Viti si bado vyenu? Uchaguzi ukipita nafuta." Mwanasha akamtazama kuanzia kiatu mpaka upara, akasema, "Haya. Basi na mimi nikuandike jina langu hapo kwenye kipaji, si bado utakuwa wa Kabula?" Kabula alikuwa anamimina chai, akacheka, na watu wa nyumba ile wanasema hawajawahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo.

Uchaguzi ukapita, akashinda, hakufuta. Msiba wa kwanza uliofuata masufuria yakawekwa kwenye kuni, rangi ya Twalib ikashika moto, moshi ukaingia kwenye wali, waombolezaji wakala wali wenye harufu ya mlango mpya, na mpaka leo chakula kilichoungua mtaa huu kinaitwa wali wa diwani. Masufuria yaliungua yakawa safi, viti havikupikwa, vikabaki na jina. Na kwa kuwa alikuwa na mdomo barazani na sisi tulikuwa na mtaro mlangoni, tulinyamaza, naye akaisimulia hadithi ile harusini, kanisani, kwenye mabaraza ya kahawa, mpaka akaiamini mwenyewe, na mwanawe akaiamini zaidi. Mwaka 2020 chama chake hakikumrudisha, akarudi nyumbani na suti yake na hadithi yake.

Alianza kuugua mwaka 2023, sukari, kisha kidonda cha mguu kisichopona, akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Wale aliokuwa akikaa nao vikaoni walituma salamu. Uji ulitoka kwa Mwanasha, kila siku ya Mungu, ukivuka mtaro ule ule. Mwezi Machi mwaka huu marehemu aliomba aletewe kiti kimoja kutoka stoo, na kisu, akakaa kitandani anakwangua jina lake, Kabula ameshika kiti kisiteleze na Brigitha amesimama mlangoni, akafuta neno MSAADA, akachoka, akasema, "Hivyo vingine kesho." Alikuwa mtu wa kesho tangu dunguni, na kesho hiyo haikuja. Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, jioni, mke wake akiwa ameshika mkono wake.

Kiti hicho ndicho alichokalia Kabula, hapo mbele yenu. Evodius, mwanangu, nenda nyuma ya mama yako ukasome, usome na palipokwanguliwa. Wewe si mwizi, shangazi yako hasemi hivyo, uliamini picha, na picha alipiga baba yako. Lakini ulisema juzi kwamba baada ya maziko viti vitapakiwa viende Morogoro vikakodishwe kwenye maharusi, kwa kuwa ni mali ya mzee na jina lake liko juu, na ulidhani kama yeye alivyodhani, kwamba ni Mei, mpunga umetoa masuke, nani atakuwepo wa kukuuliza. Tazama basi. Wamekuja kwa bodaboda, wamekuja kwa miguu kwenye tope, wameacha madungu matupu na ndege wanakula mpunga wao saa hizi tunapoongea, wamekuja kumzika aliyewaandika jina lake mgongoni. Wamewapikia hata wageni wake.

Neno la familia ni hili, viti, masufuria na turubai ni mali ya wanawake wa mtaa huu, tangu debe la kwanza. Dereva wa Fuso amalize muwa wake aende. Na wewe Evodius, ukishatupa udongo juu ya baba yako, utachukua kisu, utaanza pale alipoishia, kiti kwa kiti, Careen atakusaidia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kumchoka, ingawa alikuwa mgonjwa wa kuchosha, inamshukuru Baba Paroko, inawashukuru majirani, na hawa haiwashukuru kwa mdomo tu kwa sababu imeshasema cha kuwarudishia. Madiwani wenzake inawashukuru kwa shada la maua, lenye utepe, wenye majina yao.

Pumzika, Salvatory, pumzika kwa amani kama wale uliowavusha, na huko uliko ukionyeshwa kiti, kaa tu, usiandike.

Brigitha amemaliza. Anatoka sasa chini ya turubai, anaingia ndani kuvaa kanga ya kwenda makaburini, na mwenye swali asimfuate, akiulize kiti chake, maana mlango anaufunga.