Beatrisi Anold, Aliyetaka Kubishiwa Hodi

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa mzee Anold, naomba mnivumilie niwasomee safari ya dada yetu.

Marehemu Beatrisi Anold alizaliwa tarehe 9 Julai 1974 katika kambi ya wakata mkonge wilayani Pangani, mtoto wa pili wa mzee Anold na mama Ruthi, alipofika miaka minne akapata polio, miguu ikapooza, na mwaka 1982 wazazi wetu, wakiamini huko ndiko atakakosoma, wakampeleka katika kituo cha watu wenye ulemavu hapa Tanga, akamaliza darasa la saba mwaka 1989, akajifunza ushonaji, akabaki huko huko, akishona sare za shule ambazo watoto wenu wengi wamezivaa.

Hakulala njaa, tuseme ukweli, lakini bwenini mtu hana mlango wake, kila aliyetaka kuingia aliingia tu, mgeni, mfadhili, fundi wa bomba, mwenyewe awe amelala awe anavaa, na hilo lilimkera dada yetu kuliko hata miguu yake. Alitaka nyumba ya kubishiwa hodi, basi, mengine alisema atayazoea.

Mwaka 2009 alichumbiwa na Ernesti, fundi viatu wa kituoni humo humo, jamani, yule bwana na maneno yake, lakini wanaume walikuwa na bweni lao na wanawake lao, chumba cha mke na mume hakikuwepo, ndoa ikasubiri nyumba, na Ernesti akaahidi kwamba siku Beatrisi atakapopata mlango, hodi ya kwanza itakuwa yake. Mwaka 2016 wakaambiwa serikali itagharamia wahamie mitaani, kodi ya nyumba pamoja na mtu wa kuwasaidia, ila fedha ziko njiani. Njia yenyewe sijui ilipita wapi, maana hata Horohoro kule mpakani mtu huenda na kurudi. Ernesti alifariki tarehe 2 Novemba 2021, fedha zikiwa bado njiani, na dada akaendelea kushona pazia la mlango asiokuwa nao. Mtoto hakujaliwa.

Tarehe 6 Mei 2023 fedha zilifika, akahamia vyumba viwili Nguvumali, mdogo wetu Jenifa akiajiriwa kumsaidia, akalitundika pazia, akakaa akiutazama mlango. Aliyebisha wa kwanza ni jirani yake Bi Tuhfa, mwenyeji wa Pemba, na sahani ya mkate wa kumimina, na Beatrisi aliitikia karibu huku akilia, Bi Tuhfa akadhani amekosea nyumba. Tangu hapo asiyebisha alirudishwa nje, hata mtendaji wa mtaa, hata mchungaji aliyeketi hapa, na asikatae. Lakini Jenifa anasema kila hodi ya sauti ya kiume ilimfanya ainue uso upesi, kisha akaitikia taratibu.

Figo zilimsumbua tangu Januari mwaka huu, akalazwa hospitali ya mkoa, akafariki alfajiri ya tarehe 11 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa Bi Tuhfa, na wenzake waliotoka kituoni kuja kumzika, ambao bado wanaambiwa fedha ziko njiani, wahusika mliopo mtusikie.

Asubuhi hii wanaume waliolileta jeneza nyumbani walisimama penye pazia, wakabisha hodi kama alivyowazoeza, nasi tuliokuwa ndani tukatazamana, maana mwenye kuitikia ndiye waliyembeba.

Dada, sasa ni zamu yako kubisha, Ernesti yupo, atakuitikia. Pumzika kwa amani.